Niliuza Cherehani Nikanunua Kompyuta

Siku niliyouza cherehani yangu ili ninunue kompyuta, nusu ya Kalembe ilikuja kusimama mbele ya duka kana kwamba kuna msiba. Walishika viuno wakamtazama mnunuzi akiifunga cherehani kwenye pikipiki kwa kamba za mpira. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti aliyotaka niisikie, "Kifo ya bwana yake imemupiga mu kichwa." Nilimjibu papo hapo, "Kichwa yangu iko muzima, Mama. Weye unalilia cherehani juu nilikuwa nakushonea bure." Wakacheka wote. Naye akacheka, maana ilikuwa kweli.

Sikuwa mwenyeji wa pale. Nilizaliwa upande wa Butembo, kwa watu ambao mtoto wao hujua kupanga bei kabla hajaijua vizuri Salamu Maria, na nilikuja Kalembe nimeolewa na mtu wa kwetu aliyekuwa na duka la vipuri vya pikipiki. Kalembe iko mpakani, mguu mmoja Masisi na mwingine Walikale. Motari wote, waendesha pikipiki waliobeba mizigo kuelekea Walikale, hadi pale pikipiki inaposhindwa na watu wanaingia msituni kwa miguu kwenda machimbo ya Bisie, walipita mbele ya mlango wetu. Barabara ile ilikula pikipiki, nasi tukala kwa sababu yake. Tuliuza minyororo, buji za kuwashia injini, nyaya za klachi, mipira ya ndani na matairi, na motari walitutukana kwa bei zetu, kisha wakanunua.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nilifundishwa methali hiyo shuleni nikaipenda, lakini aliyeitunga hakufanya biashara Kalembe wakati wa vita. Kwetu daftari liliweza kumuua mtu. Habari ya mapigano ilipokaribia, kila mwenye duka aligawa mali yake kabla ya watu kuanza kukimbia. Wakulima walishuka kutoka vilimani, watu wa maharagwe na mihogo waliokaa nchi ile tangu babu zao, na kila nyumba ikapokea kifurushi kimoja kwenda kukificha: chini ya kitanda, darini juu ya moshi wa jiko, ndani ya gunia la mbegu. Wenye bunduki wakifika dukani, wanakuta mbao tupu. Utulivu ukirudi, vifurushi vinarudi, na kila nyumba inapewa chumvi na sabuni. Hakuna aliyeandika kitu. Karatasi ikiangukia mikono mibaya, wanapanda mlima wakifuata majina, na aliyekusaidia ndiye anayepigwa. Kwa hiyo nani anaficha nini, mwenye duka alibeba kichwani.

Mume wangu alikuwa na kichwa cha kubeba nyumba arobaini. Kisha homa ikamchukua kwa siku nne, mali ikiwa bado vilimani, na kichwa chake tukakizika pamoja naye.

Nilirudishiwa karibu nusu. Sikuibiwa, na mtu akisema mbele yangu kwamba wakulima wale ni wezi nitagombana naye hata leo. Wengine walikuwa wamekimbilia mbali, wengine hawakusikia kwamba amekufa. Miezi minane baada ya mazishi, Mama mmoja mzee mwenye shamba juu ya chemchemi alishuka na matairi mawili kichwani, moja juu ya lingine, akayaweka miguuni pangu. "Papa, bwana yako, alisema nichunge mpaka atakuja," akaniambia. "Nimechunga, hakuji. Njo nimekuja miye." Nililia mbele yake bila aibu. Nilimlilia mume wangu, na nililia kwa hasira, kwa sababu sikuwa na njia ya kujua ni nyumba ngapi nyingine zilikuwa zinamsubiri maiti.

Aliyekuwa akituletea mali kutoka Butembo kwa lori lake ni kaka mkubwa wa mume wangu. Shemeji huyo alikuja kutoa pole, akala, akasali rozari pamoja nasi, kisha akasimama katikati ya duka akatazama mbao zilizokuwa wazi. Hakupaza sauti. "Mali ya jamaa imebaki mu milima," akasema. "Nakuachia duka mwaka moja. Vita ikikuja tena na mali ikipotea tena, naweka muntu wangu hapa, na weye unarudia kwa baba yako Butembo."

Nirudi kwa baba yangu! Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilijua kufungua gurudumu la nyuma na kulirudisha kabla wali haujaiva. Vipuri hivyo, ambavyo watu walisema ni kazi ya wanaume, nilikuwa nimeviuza miaka tisa huku mume wangu akisifiwa kwa mauzo. Nilimwambia shemeji, "Sawa, kaka," kwa sauti ya upole ambayo mtu wa kwetu angeijua. Ni sauti tunayotumia tukiwa tumekataa.

Wazo la kompyuta nililipata Goma, katika duka la dawa. Niliuliza kidonge cha kichwa, na msichana wa pale, badala ya kugeuka kupekua rafu, akaandika neno kwenye mashine yake na kuniambia, "Iko kwa kabati ya tatu. Inabaki boksi sita." Nilisahau kichwa kilichokuwa kinaniuma. Nikamuuliza, na weye ukifa leo, ile mashini itaendelea kujua? Alinitazama kama anayetaka kumwita mlinzi, lakini alijibu kwamba ndiyo, itajua. Nilirudi Kalembe nikauza cherehani na vitenge sita ambavyo sikuwa nimevishona, nikarudi Goma nikanunua kompyuta ndogo ya mkononi iliyokwisha kutumika, paneli ya jua, betri, na kile kijiti cha kuhifadhia maandishi ya kompyuta, tunachoita klé. Sikugusa hata faranga moja ya duka.

Mwalimu mmoja wa sekondari, aliyejifunza kompyuta mjini na kukosa pa kuitumia, alikuja kila Jumamosi kunifundisha. Alinitengenezea kurasa mbili: kinachoingia na kinachotoka. Nikamwambia nataka ya tatu. "Ya nini tena, Mama?" Nikamwambia, ya kila kitu ambacho mtu amekuja kuuliza na sisi hatuna. Alicheka. Akasema hakuona duka linaloandika kisichokuwapo. Nikamwambia basi leo ameliona. Ukurasa huo tuliuita Hakuna.

Shemeji alipopita na lori akaikuta ile mashine mezani, aliizunguka. "Kwa bei ile ungenunua pine mpaka pa mulango," akasema. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nikamjibu kwamba guu likivunjika litakuwa langu, na hizo pine, tairi alizoniletea mwezi uliopita, bado ziko mlangoni, hazijaondoka. Hakupenda. Watu wengi hawakupenda. Walisema mashine itavuta radi, itavuta askari, itaharibika kwa vumbi, na mwanamke akikaa mbele yake sana macho yatafifia. Hakuna lililotokea, ila vumbi, na vumbi nililipangusa.

Miezi mitatu ya kwanza sikuona faida, nasema kweli. Nilichapa kwa kidole kimoja, na motari walinisubiri wakipiga miluzi. Mwezi wa nne nikakaa na mwalimu, tukaiuliza mashine swali moja jepesi: nini kimekaa hapa bila kuguswa? Ikajibu vioo vya pembeni. Vioo! Shemeji alikuwa akiniletea vioo kila safari, maana mjini Butembo vinauzika kama maandazi. Lakini motari wa barabara ya Walikale huvifungua vioo siku ya kwanza, kwa kuwa matawi ya msitu huvivunja. Nilikuwa nimevipangusa vioo vile miaka tisa, nikivipanga vizuri mbele, na sikuwahi kujiuliza mbona ni vile vile.

Halafu tukafungua ukurasa wa Hakuna. Pale nilishika mdomo. Wiki baada ya wiki, msimu wa mvua, watu walikuwa wameuliza rulema za gurudumu la nyuma, zile bearing ambazo matope huzitafuna, nasi tulikuwa na chache tu. Walikuwa wameuliza nyaya za klachi siku moja kabla ya soko, kwa sababu siku hiyo mizigo ni mizito. Kichwa changu kilimkumbuka mteja aliyepiga kelele. Mashine ilimkumbuka na yule aliyeuliza taratibu, akaambiwa hakuna, akaenda zake. Na hao wa taratibu ndio walikuwa wengi. Nikaanza kumtumia shemeji orodha: usiniletee vioo, niletee rulema na minyororo. Mara ya kwanza akaleta vioo. Mara ya pili akaleta vioo na rulema kidogo, na rulema ziliisha kabla lori lake halijafika Butembo.

Paneli nayo ilinilipa kwa njia ambayo sikuipanga. Mchana mashine ikishashiba, umeme ulibaki, na motari wakaniomba nichaji simu zao. Walilipa sarafu, wakakaa kwenye benchi wakisubiri, na mtu anayesubiri hutazama mbao, na anayetazama mbao hukumbuka mnyororo wake uliolegea. Sarafu za simu niliziweka kando, katika kopo langu mwenyewe. Hizo zilikuwa za cherehani.

Vita vilirudi mwaka ukikaribia kwisha. Sitaeleza nani alikuwa anapigana na nani, maana kila mara walibadilika na kila mara tulikimbia sisi. Habari ilipofika, nilipiga moyo konde nikaanza kugawa. Wakulima walishuka na vitunga. Safari hii, kila kifurushi kilipotoka, niliandika kwenye mashine vitu vilivyomo na nyumba kilikokwenda. Majina ya watu sikuandika, hata moja. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo wiki nzima na nilijiona mwerevu kupita kiasi. Niliandika alama ambazo mgeni mwenye bunduki asingezielewa: nyumba ya maharagwe mekundu chini ya mikaratusi, nyumba ya maharagwe ya manjano kando ya njia, nyumba ya mahindi mafupi. Vifurushi thelathini na saba. Nikahifadhi yote kwenye klé, nikaishona ndani ya pindo la kitenge changu, kwa mkono, kwa kuwa cherehani sikuwa nayo tena.

Kompyuta niliifunga kwa plastiki, nikaiweka chini ya kitunga na kuifunika kwa sombe, majani ya mihogo mabichi, mpaka juu. Njiani kulikuwa na kizuizi. Kijana mwenye bunduki akachokoa majani kwa ncha yake. "Muko nini mule?" Nikamwambia sombe. Akauliza mbona mzito. Nilimjibu kabla hajachokoa tena. "Juu ya maji, kaka. Nimeiosha. Unataka kupika? Twanga kwanza." Wenzake wakamcheka, akaniambia nipite.

Tulitembea mpaka Kingi, karibu na Masisi kati, na familia moja ya wakulima ikanipokea. Nililala na watoto wao, nikachota maji nao, na parokia iliniruhusu nichaji mashine kwenye paneli yake mara moja kwa wiki. Mama wa juu ya chemchemi, yule wa matairi mawili, naye alikimbilia Kingi na akapata pa kukaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Karibu Kalembe yote ilikuwa pale, imetawanyika katika nyumba za watu. Nilikuwa na huzuni ya kawaida ya mkimbizi, lakini sikuwa na hofu juu ya duka. Nilikuwa nalo pindoni.

Baada ya miezi miwili na nusu, mwenyeji wangu aliniita shambani tukang'oe maharagwe. Tuling'oa asubuhi nzima. Mchana wanawe wakaanza kulima palepale ili watie mahindi. Nilisimama na mganda mikononi, nikatazama udongo ule uliobaki mtupu, nikaikumbuka orodha yangu. Maharagwe mekundu chini ya mikaratusi! Yalikuwa yamekwisha kung'olewa, na yasipong'olewa yalikuwa yameozea shambani. Mimi mtoto wa dukani, ninayejua maharagwe kwa kipimo tu, nilikuwa nimeandika mali ya jamaa nzima juu ya mimea inayokaa siku tisini. Mkulima angecheka mpaka akae chini. Nilikaa mimi chini, nikajitukana kwa Kinande, lugha ya kwetu, ili watoto wasielewe. Mashine haikuwa na kosa. Ilikuwa imehifadhi kwa uaminifu kila upumbavu nilioiambia.

Jumapili baada ya misa nilimwendea Mama wa juu ya chemchemi nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaita wanawake wengine sita wa vilima vyetu, na akawaambia kosa langu kabla sijakaa, na walicheka kama nilivyojua watacheka. Nikaacha wacheke. Nikafungua mashine juu ya kiti cha kanisa nikasoma: "Maharagwe mekundu, vijiti virefu, chini ya mikaratusi. Minyororo kumi na miwili."

"Hiyo iko kwa bibi ya katekista," Mama akasema bila kufikiri. "Musimu ile alikosa mbegu ya nyeupe, njo alipanda nyekundu."

"Maharagwe ya manjano kando ya njia."

Hapo waligombana. Wawili walikuwa na manjano msimu ule, na kila mmoja alisema ya mwenziwe ilikuwa mbaya, haifai kuitwa maharagwe. Nikawasomea tarehe iliyokuwa kwenye mashine. "Ile siku yangu ilikuwa bado kuota," mmoja akakubali, "basi iko kwa huyu." Tukaendelea hivyo. Wanawake wale walijua kila shamba la kila mtu, msimu baada ya msimu, nani aliazima mbegu na nani alichelewa kupalilia. Walichokosa ni kujua ni kifurushi gani kilikwenda wapi siku gani, na hicho nilikuwa nacho. Tuliimaliza orodha yote kabla ya chakula cha mchana. Mama akanigusa mkono. "Mara ingine andika majiwe, mutoto yangu. Majiwe hakuna muntu anavuna." Nikafuta maharagwe, nikaandika mawe, chemchemi na makorongo.

Kalembe ilipotulia tulirudi. Nilipanda vilima siku nne mfululizo, na orodha kichwani na kwenye klé. Vifurushi thelathini na vitano vilirudi. Kimoja kiliungua pamoja na nyumba, na nyumba hiyo niliipelekea chumvi mara mbili, maana wao ndio waliopoteza zaidi. Kingine kilikuwa cha mipira ya ndani, na wenyeji walikuwa wameikata kamba za kufungia mbuzi. Walionyesha mbuzi, nami nikawapa chumvi na sabuni yao. Nilipanga mbao. Duka lilijaa kama lilivyokuwa siku ya kwanza ya kukimbia, na nilikaa kwenye benchi ya motari nikalitazama peke yangu, nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata tangu nizike.

Shemeji alifika wiki hiyo na lori tupu. Alikuja tayari kuchukua makombo na kuweka mtu wake. Alizikuta mbao zimejaa. Nilimfungulia mashine nikamwonyesha kitu baada ya kitu: hiki kilitoka, hiki kilirudi. Alifuata kila mstari kwa kidole. Nilidhani atasema asante. Labda hata atalia, kwa kuwa vile vilikuwa vitu vya ndugu yake.

"Vizuri," akasema. "Sasa mali yote iko fasi moja. Njo saa ya kuitosha hapa, tuipeleke Butembo."

Nilimwambia aliahidi. Mali haikupotea, na tulikubaliana hivyo mbele ya rozari. Akasema Kalembe ni fasi ya vita, mwanamke peke yake hawezi, na kwamba vita haiko na kalenda. Kisha akaweka kiganja juu ya kompyuta. "Na hii ordinatere tunaenda nayo. Nitatafuta muntu wa kuitumikisha Butembo."

Niliivuta kutoka chini ya mkono wake. Sikuwahi kumnyang'anya mtu mkubwa kitu, na masikio yaliniwaka. "Mali ilikuja na lori yako, kaka. Mashini ilikuja na cherehani yangu. Pakia yako."

Akapakia. Watu wakakusanyika tena, viuno vikashikwa tena. Mimi nilikaa na mashine mapajani, na kila kitu kilichotoka nilikiandika kwenye ukurasa wa kinachotoka, kimoja kimoja, na nilimlazimisha dereva anionyeshe kila katoni kabla haijapanda. Mama wa juu ya chemchemi alishuka, akaona, akamwendea shemeji mpaka karibu ya uso. "Tulichunga hii vintu sababu ya huyu mama," akamwambia. "Haikuwa sababu ya lori yako." Shemeji alitazama magurudumu. Lori likaondoka na rulema zangu, na minyororo yangu, na vioo vyake vyote. Duka lilibaki mbao, msumari wa kalenda na mimi. Niliogopa, sitasema uongo. Mkono mtupu haulambwi, na niliwaza nauli ya kwenda Butembo.

Siku ya pili nilifungua ukurasa wa Hakuna na ule wa kinachotoka, nikaziweka pamoja kama mwalimu alivyonifundisha. Duka langu lilikuwa na aina zaidi ya mia mbili za vitu. Zilizoondoka kweli, wiki kwa wiki, mvua na jua, hazikuzidi kumi na nane. Niliangalia mara mbili. Miaka yote tulikuwa tumelisha vumbi mali ya aina mia na themanini, tukakimbia nayo, tukawabebesha wakulima wetu mlimani. Kwa aina kumi na nane sikuhitaji lori wala shemeji. Nilihitaji kopo langu la sarafu za simu na motari mmoja mwenye moyo.

Nilishuka Goma, nikaingia kwa muuzaji wa jumla na orodha mkononi. Aliniuliza kama sitaki kuongeza vioo, viko bei nafuu. Nilicheka mpaka akakasirika. Nilirudi Kalembe nyuma ya pikipiki nikiwa nimekumbatia magunia mawili, na duka likafunguliwa siku ya soko, mbao mbili tu zikiwa na mali, nyingine tupu. Watu walisema limekufa. Lakini motari walipouliza rulema, iko. Mnyororo, iko. Waya wa klachi siku moja kabla ya soko, iko. Magunia mawili yakawa matatu, na kila yalipoisha nilijua yataisha siku gani.

Mwezi uliofuata shemeji akafungua duka ng'ambo ya barabara, akaweka mtu wake. Vita vile visivyo na kalenda havikumzuia. Lilikuwa duka zuri, limepakwa rangi ya buluu, na mali mpaka mlangoni, na vioo vimetundikwa mbele ili jua livipige. Sitajifanya kwamba sikuumia. Ile ilikuwa mali niliyoipandia vilima siku nne. Nilipanga magunia yangu, nikachaji simu, na sikumpa yule mtu wake sababu hata moja ya kusema kwamba nimemtazama vibaya.

Miezi sita haijaisha, dereva wa lori akavuka barabara. Tulikuwa tunafahamiana tangu nilipoolewa, na aliona haya, akazungusha kofia mikononi. "Dada, kaka mukubwa amenituma. Pale kwetu mali inalala tu. Anaomba umutumie ile liste ya mashini, ile ya vintu inaendaka. Anasema sisi wote ni jamaa moja."

Duka lilikuwa na motari wanne, na wote waligeuka kusikia nitasema nini. Nilimpa dereva kiti na maji, maana yeye hakuwa na kosa.

"Mwambie nafungua saa moja asubuhi," nikamwambia. "Aje asimame pale na wateja wengine, siku nzima, kwa mwaka mzima, asikilize wanauliza nini. Liste ilitoka pale."

Motari mmoja akaniuliza kama rulema bado zipo. Nikamwambia zipo mbili.